Nna elfu tatu, arusi ni Jumamosi Likoni, nipeleke nini? (Na leso nishaikosea mara moja)

Khalati wa Tudor (mwenye uzi):
Asalaam aleikum wadau. Naomba ushauri lakini mnistahamilie, leo nna maneno mengi. Mtoto wa dadangu aolewa Jumamosi hii huko Likoni na mimi ndo khalati yake mkubwa, yani siwezi kwenda mikono mitupu halafu nikakae pale mbele nimejifukiza udi ukumbi mzima wanukia mimi. Nimetenga elfu tatu. Msinicheke, hiyo elfu tatu nimeing'oa kama jino, mtungi wa gesi nikiutikisa naona mwepesi na tokeni za stima ziko mwisho mwisho.

Basi leo asubuhi nkasema nitoke kabla jua halijachoma, nkapanda tuktuk mpaka Marikiti, soko letu la hapa Mombasa. Nia yangu ilikuwa moja, niangalie zawadi nirudi. Lakini mwaijua Marikiti, ukipita pale Langoni kwenye maduka ya viungo ile harufu ya iliki na bizari yakushika mkono, nkajikuta naulizia karafuu ambazo sina haja nazo. Nkauliza nazi. Sitini! Nazi moja, na si kubwa hivyo, kama ngumi ya mtoto. Nkamwambia yule mzee, ami, hii nazi ama yai? Akacheka mpaka akakohoa, bei asipunguze hata shilingi.

Nkaingia supamaketi moja, siitaji, kuangalia seti za glasi. Kwenye rafu imeandikwa mia tisa tisini na tisa, nafika kwa keshia mashine yasoma elfu moja mia tatu hamsini. Namwambia mwanangu kule mmeandika vingine, anijibu "mama ofa iliisha jana, karatasi tulisahau kubandua." Yani wao wasahau, mimi nilipe. Nkaziacha pale pale kaunta, na foleni nyuma yangu yaguna.

Sasa nimekaa barazani na chai na mahamri ya jana nauliza: kwa elfu tatu mtu apeleka nini arusini siku hizi? Blanketi? Pesa? Nilifikiria leso, yani kanga, Biashara Street na Marikiti ni pua na mdomo, lakini leso mimi nishaikosea na wale jamaa mpaka leo hawajanisahau.

Kijana wa Likoni:
Shikamoo khalati. Mbona wajipa kazi, tuma kwa simu. Kadi za arusi siku hizi zaja na nambari ya kutumia pesa pale chini kabisa, haioni hata haya. Hubebi kitu, husukumwi kwenye feri, mambo kwisha.

Khalati wa Tudor:
Marahaba mwanangu. Nambari nimeiona, imeandikwa kubwa kuliko jina la bibi arusi. Sikatai, M-Pesa ilipokuja 2007 nilikuwa mtu mzima tayari na sasa hata mchicha nalipia kwa simu. Lakini pesa ya simu haina sura. Elfu tatu ikiingia saa hiyo mtoto adaiwa na mpambaji, adaiwa na mwenye viti, yamezwa kabla hajajua ametuma nani. Mwakani nikienda kumtembelea hana cha kunionyesha aseme khalati hiki ni chako.

Binti Kisauni:
Khalati mimi nimeolewa mwaka jana kwa hivyo nakwambia yale ambayo bibi arusi hawezi kusema. Nilipata seti saba za glasi. SABA. Na sisi twakaa chumba na sebule, nimezipanga chini ya kitanda, nikiamka usiku nikigonga mguu zalia kama kengele ya shule. Wageni wangu wote nikiwaita siku moja hawamalizi seti mbili. Halafu kulikuwa na jirani ya mamangu, yule alileta unga wa ngano kilo kumi na mafuta lita tatu, watu wakacheka pale ukumbini wakasema huyu amepotea njia alikuwa aenda dukani. Wallahi ndo zawadi niliyoikumbuka. Mume wangu afanya kibarua bandarini, kuna siku jina laitwa kuna siku haliitwi, na pesa yote tulikuwa tumeimaliza kwa arusi. Wiki ya pili baada ya fungate twala chapati asubuhi, chapati jioni, na chai ya rangi. Na twacheka. Glasi haikunifaa hata siku moja.

Mama Kuze:
Binti umesema kweli tupu. Lakini wewe Khalati wa Tudor, huwezi kusema leso umeikosea halafu unyamaze kama kwamba ni jambo dogo. Toa hadithi, hapa haondoki mtu.

Khalati wa Tudor:
Haya. Hii ni kabla ya corona. Aolewa mtoto wa rafiki yangu, nkaenda Biashara Street nkaona leso, mji wake, yani pale kati, buluu, pindo jekundu lina korosho, nkaipenda papo hapo. Mwajua zinavyokunjwa, jina, yani yale maneno yaliyoandikwa, lafichika ndani. Mimi nkauliza bei, nkavutana nayo, nkalipa, nkaitia kwenye karatasi ya zawadi na utepe juu. Kusoma sikusoma.

Siku ya kutia hina wanawake wamejaa, mamake bwana arusi amekaa kwenye kiti cha mbele, somo, yule mama anayemfunda bibi arusi, afungua zawadi moja moja aonyesha watu. Ikafika yangu. Akaikunjua, akaishika juu kwa mikono miwili kama bendera. WAMDHANIA NDIYE KUMBE SIYE.

Jamani. Ule ukimya sijawahi kuusikia. Halafu kuna bibi mmoja nyuma, nafikiri haoni vizuri, akapiga kigelegele peke yake. Mama mkwe akanigeukia akaniangalia kutoka ushungi mpaka viatu, alidhani nimepeleka ujumbe, kwamba mtoto wake kuna jambo nalijua. Nkajaribu kueleza mimi nimependa korosho, nani ataamini? Bwana arusi mwenyewe kijana mpole, hana baya. Ndoa iko mpaka leo, watoto wawili, lakini yule mama tukikutana Mwembe Tayari aniamkia kwa kidevu.

Mama Kuze:
😂😂😂 nimelia machozi. Bibi yangu alikuwa akiingia dukani haangalii rangi, neno la kwanza "nisomee". Leso ina pindo, ina mji, ina jina, na jina ndo lazungumza, zamani hata yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu na waliojua kusoma waliwasomea wengine. Lile duka la Mali ya Abdulla lipo tangu 1887, fikiria ni wanawake wangapi wametukanana kwa mali ya pale bila kufungua mdomo. Mamangu na mke mwenzake walikuwa waongea kwa kamba ya nguo tu. Mmoja aanika NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE, mwenzake apita kimya, kesho nayeye yuko Biashara Street. Baba alikuwa apata hasara huyo, kila ugomvi doti mbili.

Nunua leso khalati lakini soma. Na ukate na kupinda pale pale, mafundi wako nje na vyarahani. Usimpelekee mtoto doti haijakatwa, utampa kazi siku ya pili ya ndoa.

Baharia Mstaafu:
Kama ni zawadi ya kula, mimi ningesema nguru mzima, zamani tulikuwa twapeleka hivyo kwa wakwe na hakuna aliyeuliza glasi. Lakini miezi hii sahauni. Ni upepo wa kusi, bahari imechafuka, ngalawa ndogo hazitoki nje, na samaki anayepatikana auzwa kama dhahabu. Arusi za busara zilikuwa zangoja kaskazi, maji yametulia, kolekole na changu wamejaa.

Khalati wa Tudor:
Baharia arusi siku hizi haingoji upepo, yangoja mpambaji awe na nafasi.

Mtu wa Kongowea:
Mimi nauza vitunguu Kongowea, nashusha mizigo saa tisa usiku wakati nyinyi mwakoroma, kwa hivyo nisikilizeni. Watu huja wakanitazama kama mwizi bei ikipanda. Vitunguu vingi vyatoka Tanzania, machungwa nayo vile vile yaja na njia ya Tanga yaingilia Lunga Lunga. Lori likikwama mpakani siku mbili, mimi nauza kitunguu kwa bei ya nyama, sikuomba. Halafu mafuta. Kila tarehe 14 EPRA, wale wa serikali wanaopanga bei ya mafuta, watoa bei mpya na huku sokoni hiyo tarehe twaijua kuliko siku za kuzaliwa za watoto wetu. Ile VAT ya mafuta ilipotolewa asilimia 8 ikapelekwa 16 mwaka 2023, mwenye lori aliongeza nauli siku hiyo hiyo. Bei ya mafuta ikishuka je? Mwenye lori hasikii, simu yake haina netiweki.

Mchele ni hivyo hivyo. Julai 2023 India ilifunga kuuza nje mchele mweupe usio basmati, na ikaufungua Septemba 2024. Sasa sisi mchele mwingi wa nje watoka Pakistan, mtu atasema ya India yatuhusu nini. Duka moja likifunga mtaani, mwenye duka la pili apandisha. Ndo ilivyokuwa.

Kwa hivyo khalati ukinunua chakula, nunua kile ambacho hakiozi. Mchele, sukari, viungo. Vitunguu usinunue hata kwangu, arusini vitasahauliwa kwenye kona vimee majani.

Tuktuk Namba Moja:
Mafuta yamewachoma nyinyi? Sisi je. Abiria akishuka Buxton ataka kulipa nauli ya 2015.

Kijana wa Likoni:
Na boflo, huu mkate wetu, mmelisahau? 2024 walitaka kulitia VAT asilimia 16. BOFLO. Mtu ala boflo na mbaazi asubuhi ndo chakula chake mpaka usiku. Watu wakapiga kelele, tarehe 18 Juni wakalitoa kwenye mswada wa fedha, lakini hasira zilikuwa zishatoka chupani, tarehe 25 vijana wakaingia mpaka Bunge na watu wakafa, siku ya pili Rais Ruto akasema hausaini. Mimi nilikuwa barabarani hapa Mombasa, nimekimbizwa na moshi mpaka kiatu kimoja kikabaki.

Khalati wa Tudor:
Mwanangu pole ya kiatu na Mungu awarehemu waliokufa. Boflo lilinusurika lakini mimi naona limekondeana, ukilibana lakuwa tonge. Labda ni macho yangu.

Baharia Mstaafu:
Uzi huu ulikuwa wa arusi.

Khalati wa Tudor:
Ulikuwa na bado ni. Nimeamua, na ni Binti Kisauni aliyeniamulia na zile glasi zake chini ya kitanda. Napeleka leso moja ya kusema na chakula cha kunyamaza. Kesho Ijumaa naenda, nawaletea hesabu.

Khalati wa Tudor (Ijumaa usiku):
Nimerudi, miguu yawaka moto. Hesabu hii hapa kwa wale watu wa hesabu. Leso mia nane, kukata na kupinda hamsini. Mchele pishori kilo tano, kilo mia mbili na kumi, hapo elfu na hamsini. Sukari kilo mbili mia tatu. Iliki, mdalasini, bizari nzima na pilipili manga kidogo kidogo, mia mbili hamsini, na yule mwenye viungo wa Langoni akanitilia karafuu za bure, Mungu ampe. Nazi tano kwa ami yule yule, mia tatu kamili, leo hata hakucheka. Na kikapu cha ukili mia mbili hamsini, maana tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2017 nimeona zawadi zaja kwenye yale mabegi ya kitambaa yanayopasuka mkono kabla hujafika mlangoni. Jumla elfu tatu haswa. Nauli nimemkopa mume wangu, na akanidai risiti.

Leso sasa. Nimesoma jina moja moja mpaka muuzaji akaniuliza mama umekuja kununua ama kusoma gazeti. Nyekundu nzuri sana, nakunjua: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Hiyo ya bibi arusi? Nkaiweka. Ya kijani, yasema mambo ya wivu, nkaiweka mbali zaidi. Zile za hongera zilikuwa rangi ya matope, sijui kwa nini wenye kutaka heri wachaguliwa rangi mbaya hivyo. Mwisho nkapata ya manjano na nyeusi, SISI SOTE ABIRIA DEREVA NI MUNGU. Nkacheka mwenyewe pale dukani, mtoto aenda kukaa Likoni, kila siku yuko kwenye feri, nani abiria kumshinda? Na haina tusi hata ukiisoma kwa kinyume.

Mama Kuze:
Hapo umefaulu mtihani. Mama mkwe hana pa kushika.

Kijana wa Likoni:
Khalati ukivuka niambie, nakungoja ng'ambo nikubebee kikapu.

Khalati wa Tudor (Jumamosi, saa tano usiku):
Mko macho? Nimerudi sasa hivi, hata buibui sijavua.

Kwanza wewe Kijana wa Likoni. Nimesimama ng'ambo pale nusu saa na kikapu cha kilo kumi na kitu, watu wapanda ule mlima kutoka kwenye feri wanipita kama maji, ng'oo sikukuona. Bahati feri kwa miguu ni bure, ningelipa tena ningekasirika mara mbili. Amenibebea msichana wa watu asiyenijua, akaniuliza mama umebeba mawe, nkamwambia nazi.

Arusi nzuri, mtoto amependeza mpaka nkasahau kumpiga picha. Leso ikafunguliwa, somo akaisoma kwa sauti, mama mkwe akasema "maashaallah, hii umeipata duka gani?" Nyinyi hamjui nilivyopumua. Kuna bibi mmoja mzee upande wa bwana arusi, alipofika kutunza akafungua fundo kwenye pindo la leso yake, polepole, fundo juu ya fundo, akatoa noti ya elfu imekunjwa mpaka ikawa kama kidonge. Mtoto kuikunjua ni zile za zamani, zile zilizokufa 30 Septemba 2019. Akaniangalia, nkamwangalia. Akambusu bibi mkono, akaitia kifuani, akasema ahsante bibi. Hakuna aliyemwambia yule mzee kitu, na atakayemwambia sitamsamehe.

Sasa sikilizeni ya kikapu. Walialikwa watu mia na hamsini, wakaja watu Mungu ndo ajuaye hesabu, maana Likoni ukipiga kigelegele kimoja mtaa mzima umealikwa. Saa nane mpishi akaja mbio kwa dadangu, mchele umeisha, na nyama iko na watu wako. Dadangu akazungusha macho ukumbi mzima, yakatua kwenye kikapu changu. Mimi nkajifanya narekebisha ushungi. Akaja akainama akaninong'oneza, "dada, ile pishori." Ningesema nini? Kilo tano zote zikaingia sufuriani, na viungo vyangu, na zile karafuu za bure. Nimekaa nimeletewa sinia, nala zawadi yangu mwenyewe kwa mkono wangu mwenyewe. Bibi arusi ameondoka na leso, sukari na nazi tano.

Kijana wa Likoni:
Khalati nisamehe, simu iliisha chaji wallahi. Kesho nampelekea bibi arusi kilo tano nyengine kwa jina lako, niambie nyumba.

Khalati wa Tudor:
Tutaona hiyo kesho yako.

Tuktuk Namba Moja:
Hakuna mtu ng'ambo mwenye simu isiyo na chaji siku ya kubeba mzigo 😂

Binti Kisauni:
Pilau yenyewe ilikuwa tamu lakini?

Khalati wa Tudor:
Chumvi ilizidi kidogo.